Futi Nne: Utangulizi wa Sheria za Kumbi za Burudani ya Watu Wazima

Huenda umeanza kusoma ukiwa na haya kidogo, na sikulaumu. Ukimwambia mzazi wako kwamba unasoma sheria zinazohusu klabu ambamo watu hucheza wakiwa uchi, atakutazama mara mbili. Hata hivyo, wanasheria wa katiba nchini Marekani wamelijadili jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na mashauri yake yamefika mara kadhaa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Sababu ni kwamba maswali mazito ya utawala hukutana humo, katika ukumbi mdogo wenye taa hafifu. Uhuru wa kujieleza unaishia wapi? Nani amekabidhiwa kazi ya kulinda maadili? Inawezekanaje watu wanaoishi kwenye kingo mbili za mto mmoja watawaliwe na sheria zinazopingana, na zote mbili ziwe halali?

Huhitaji shahada ya sheria ili kunifuata. Nitaanza na misingi, kisha nitakupeleka kwenye mpaka mmoja hasa, ule wa Oregon na Washington, tuuangalie kwa karibu. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili uipime kila hatua: majirani hutofautiana kwa sababu ya nani aliyepewa neno la mwisho, na kupitia mamlaka ipi. Maadili ya watu yana nafasi yake, lakini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na mipaka ya somo

Ukumbi wa burudani ya watu wazima ni mahali pa biashara ambapo kivutio kikuu ni maonyesho ya kimapenzi au ya utupu, na watoto hawaruhusiwi kuingia. Katika vitabu vya sheria vya Marekani utakuta humo sinema za watu wazima, maduka ya picha na vitabu vya namna hiyo, na klabu za wacheza utupu. Hapa nitashughulika zaidi na hizo klabu, kwa kuwa ndiko tofauti za majimbo zinakoonekana wazi zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo mgeni huyachanganya na somo hili. La kwanza ni ukahaba. Nevada ndilo jimbo pekee lenye madanguro yenye leseni, na hata huko yanaruhusiwa katika baadhi ya kaunti tu. Kaunti yenye watu 700,000 au zaidi imezuiwa, ndiyo maana Las Vegas haina danguro halali, kinyume na wanavyoamini watalii wengi. Hilo ni tawi jingine la sheria.

La pili ni ufuska. Katika lugha ya mahakama, ufuska ni kiwango maalumu cha maudhui ya ngono ambayo hayalindwi kabisa na katiba. Kipimo chake kiliwekwa mwaka 1973 katika shauri la Miller dhidi ya California, nacho kina masharti matatu yanayopaswa kutimia kwa pamoja. Kazi inayoshtakiwa, ikitazamwa kwa ujumla na mtu wa kawaida kwa viwango vya jamii yake, iwe inachochea tamaa chafu. Iwe inaonyesha ngono kwa namna ya kuchukiza iliyotajwa na sheria ya jimbo. Tena iwe haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Kucheza uchi peke yake hakufiki hapo. Mambo yote tutakayoyaona yanatokea katika eneo lililo chini ya kiwango hicho.

Ngazi tatu za mamlaka

Ili uelewe kwa nini majirani hutofautiana, lazima kwanza ujue nani anatunga sheria. Marekani ina ngazi tatu: serikali ya shirikisho, majimbo 50, na serikali za mitaa, yaani kaunti na miji. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanasema kwamba mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Miongoni mwa mamlaka yaliyobaki kwa majimbo ni yale ya kulinda afya, usalama na maadili ya jamii. Wanasheria wa huko huyaita mamlaka ya polisi. Usidanganywe na jina hilo, maana askari si wahusika wakuu. Afisa anayekagua jiko la hoteli anayatumia, na bodi inayotoa leseni za vileo nayo inayatumia.

Msomaji wa Kenya hatashangaa sana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti burudani za umma, na ndani yake kasino, sinema na leseni za vileo. Kwa Tanzania, vileo si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria yake na Bara ina yake. Marekani imelipeleka wazo hilohilo mbali zaidi, kwani kila jimbo lina katiba yake kamili na mahakama yake kuu inayoitafsiri. Naomba uishike hoja hii vizuri. Tutaihitaji.

Kima cha chini

Juu ya majimbo yote iko Katiba ya shirikisho, na Marekebisho yake ya Kwanza yanalinda uhuru wa kusema. Je, kucheza ni kusema? Mahakama ya Juu imejibu: ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 1981, katika shauri la Schad dhidi ya Mount Ephraim, mji mdogo wa New Jersey ulikuwa umepiga marufuku maonyesho yote ya jukwaani ndani ya mipaka yake. Mahakama iliitangua sheria hiyo ndogo, kwa kuwa mji hauwezi kufuta aina nzima ya maonyesho bila sababu ya kutosha.

Miaka 10 baadaye likaja shauri la Barnes dhidi ya Glen Theatre, kutoka South Bend, Indiana. Wachezaji walitaka kucheza wakiwa uchi kabisa, ilhali jimbo lilidai wavae angalau vibandiko vya chuchu na kichupi cha kamba. Kwa kura tano dhidi ya nne, jimbo likashinda. Jaji Mkuu Rehnquist alikubali kwamba uchezaji huo ni namna ya kujieleza, ila akauweka kwenye ukingo wa mwisho kabisa wa kinacholindwa. Jaji Souter alifika kwenye uamuzi uleule kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kutawala somo hili: athari za kando.

Athari za kando ni madhara yanayodaiwa kuizunguka biashara, kama vile uhalifu, ukahaba, au kushuka kwa thamani ya nyumba za jirani. Serikali ikisema, "Hatuupingi ujumbe wa uchezaji, tunazuia madhara ya mtaani," mahakama za shirikisho huipima sheria hiyo kwa kipimo chepesi zaidi. Mwaka 2000, katika shauri la mji wa Erie, Pennsylvania, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwa hoja hiyo sheria iliyokataza utupu mahali pa umma.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari wakidhani mambo yamekwisha. Subiri kidogo. Shauri la Erie lilirudi Pennsylvania, na mwaka 2002 mahakama kuu ya jimbo hilo ikaitangua sheria ileile. Mara hii ilitumia katiba ya Pennsylvania, ambayo iliona kuwa inalinda kujieleza kwa upana zaidi. Mji ulioshinda Washington, D.C. ukashindwa nyumbani.

Lilitokeaje hilo? Chukua mfano wa kima cha chini cha mshahara. Mwajiri haruhusiwi kulipa pungufu, lakini hakuna anayemzuia kulipa zaidi. Katiba ya shirikisho huweka kima cha chini cha uhuru. Jimbo haliwezi kushuka chini yake, ila linaweza kutumia katiba yake kupanda juu. Majimbo mengine hubaki pale chini, mengine hupanda. Tofauti nyingi za majirani huanzia hapo.

Milango mitano ya udhibiti

Kwa kuwa serikali haiwezi kufuta kumbi hizi moja kwa moja, huzifikia kupitia mamlaka nyingine ilizo nazo. Mimi hupenda kuzipanga katika milango mitano. Ukiijua, utaweza kuisoma sheria ya jimbo lolote bila kupotea.

Mlango wa kwanza ni ardhi. Mji hugawa maeneo yake kwa matumizi: makazi hapa, viwanda kule, maduka pale. Detroit ilichagua kuzitawanya biashara za watu wazima ili zisirundikane mtaa mmoja, na Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 1976. Renton, mji ulio kusini mwa Seattle, ulizuia sinema za watu wazima kuwa ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka makazi, kanisa, bustani au shule. Mwaka 1986 mahakama iliridhia hilo pia. Kilichobaki kwa sinema hizo kilikuwa takriban ekari 520, zaidi kidogo ya asilimia tano ya ardhi ya mji. Kanuni iliyotoka humo ni kwamba unaweza kuisogeza biashara, mradi uiachie mahali pa kweli pa kwenda.

Mlango wa pili ni pombe. Marufuku ya vileo ilipofutwa mwaka 1933, Marekebisho ya Ishirini na Moja yaliyaachia majimbo udhibiti wa vileo. California ilitumia nafasi hiyo kukataza maonyesho ya utupu yaliyopindukia katika baa zenye leseni, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikaiunga mkono. Mwaka 1996 mahakama hiyo ilikiri kwamba Marekebisho ya Ishirini na Moja hayapunguzi uhuru wa kusema. Iliongeza, hata hivyo, kwamba majimbo yangefika palepale kwa mamlaka yao ya kawaida. Kwa mwenye klabu, leseni ya vileo ndiyo kamba iliyo shingoni: akikiuka masharti, jimbo halihitaji kumfunga jela, linaichukua leseni tu.

Mlango wa tatu ni mwenendo ndani ya ukumbi: mavazi, umbali kati ya mchezaji na mteja, mwanga wa taa, saa za kufunga. Wa nne ni kodi. Texas ilipitisha tozo ya dola tano kwa kila mteja anayeingia katika klabu yenye utupu na pombe, na mahakama kuu ya jimbo ikaithibitisha mwaka 2011. Wa tano ni kazi: haki na usalama wa wachezaji wenyewe. Huu ndio mlango mpya kuliko yote, na kwa maoni yangu ndio utakaowapa kazi wasomi wa kizazi chako.

Mto Columbia: majirani wawili kwa karibu

Sasa twende mpakani. Portland iko Oregon. Ukivuka daraja la mto Columbia kuelekea kaskazini, kwa dakika chache tu uko Vancouver, jimbo la Washington. Hali ya hewa ni ileile, na watu hufanya kazi upande mmoja wakalala upande wa pili. Lakini kwa miongo mingi, klabu ya Portland iliweza kuwa na mchezaji aliye uchi kabisa jukwaani na bia mkononi mwa mteja. Upande wa Washington, kanuni za bodi ya vileo zilikataza mambo hayo mawili yasikutane. Klabu ya utupu ya huko iliuza soda na juisi.

Mtu wa haraka atasema kwamba watu wa Oregon ni walegevu wa maadili. Tumia kipimo chetu kwanza. Katiba ya Oregon, kifungu cha 8 cha ibara ya kwanza, inakataza sheria yoyote inayozuia watu kujieleza kwa uhuru juu ya jambo lolote lile, kisha inaongeza kwamba kila mtu atawajibika akiitumia vibaya haki hiyo. Katiba ya Washington, kifungu cha 5 cha ibara ya kwanza, inasema karibu maneno hayohayo, pamoja na onyo lilelile la uwajibikaji. Maandishi yamefanana mno. Walioachana ni majaji.

Tazama kanuni moja ndogo, ile ya futi nne. Inamtaka mchezaji aliye utupu akae angalau futi nne, kama mita moja na robo hivi, kutoka kwa mteja. Mji wa Bellevue, mashariki mwa Seattle, ulikuwa na kanuni hiyo. Mwaka 1997, katika shauri la Ino Ino, mahakama kuu ya Washington iliithibitisha. Katika njia hii ya kufikiri, swali ni kama kanuni inalenga athari za kando, na kama inamwachia mchezaji nafasi ya kutosha kujieleza. Akiwa umbali wa futi nne bado anaweza kucheza, basi kanuni inasimama.

Oregon nayo ilikuwa na mji wenye kanuni ya futi nne: Nyssa, mji mdogo ulio mashariki kabisa, jirani na mpaka wa Idaho. Shauri lake liliamuliwa mwaka 2005, na mahakama kuu ya Oregon ikaitangua. Majaji wa Oregon hawaanzi na athari za kando. Tangu shauri la Robertson la mwaka 1982, wao huuliza kwanza sheria yenyewe imekitaja nini. Ikiwa imetaja madhara, inaweza kupona. Ikiwa imetaja kujieleza kwenyewe, inaanguka, isipokuwa iwe miongoni mwa makosa ya kale yaliyokubalika tangu katiba ilipoandikwa, kama kiapo cha uongo au ulaghai. Kanuni ya Nyssa ilimtaja mchezaji na onyesho lake, ikaanguka. Umbali uleule, maneno ya katiba yaliyo karibu sawa, hukumu mbili tofauti.

Je, wananchi wa Oregon waliridhika na hali hiyo? Waliulizwa. Mapendekezo ya kubana kinga hiyo kwa kubadili katiba yalipelekwa kwenye kura mwaka 1994, 1996 na 2000, nayo yakashindwa mara zote tatu. Pendekezo la mwaka 2000 lilikuwa dogo: kuiruhusu miji kupanga tu mahali pa biashara hizo. Hata hilo lilikataliwa. Huko Seattle, nako, halmashauri ya jiji ilipitisha kanuni ya futi nne mwaka 2005, lakini mwaka uliofuata wapiga kura wakaikataa. Unaona? Oregon kanuni iliondolewa na majaji, Seattle iliondolewa na raia, na Bellevue iliokolewa na mahakama. Anayepima maadili ya watu kwa kuangalia sheria zao peke yake atakosea.

Sheria huzaa uchumi

Mwanafunzi makini ataniuliza: soda badala ya bia, kuna ubaya gani? Fuata pesa. Klabu isiyouza pombe lazima ipate mapato kwingine. Kule Washington sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji wenyewe, ambao walilipa ada ya kila zamu ili waruhusiwe kucheza. Usiku wateja wakiwa wachache, mchezaji aliweza kurudi nyumbani akiwa na deni kwa klabu. Kanuni iliyotungwa kulinda maadili iliwaangukia wafanyakazi.

Wachezaji wakajipanga. Mwaka 2019 walipata sheria ya mafunzo na vitufe vya dharura vya kuita msaada. Kisha Januari 2024 wakaguzi waliingia katika baa za mashoga huko Seattle na kuandika makosa ya mavazi kwa kutumia kanuni zilezile za bodi ya vileo. Malalamiko yakawa makubwa, na bodi ikasitisha utekelezaji. Machi mwaka huohuo Gavana Jay Inslee alitia saini sheria mpya iliyofungua njia ya pombe katika klabu za utupu. Sheria hiyo pia ilizuia klabu kumtoza mchezaji zaidi ya dola 150 au asilimia 30 ya mapato yake ya zamu, kiasi chochote kilicho kidogo, na ikakataza deni la ada kubebwa hadi zamu nyingine. Kwa upande wa pombe, Washington imemsogelea jirani yake. Lakini Oregon ilifika hapo kwa hukumu za majaji juu ya kujieleza, nayo Washington imefika kupitia bunge na haki za wafanyakazi.

Jaribu mwenyewe

Sasa chukua mpaka mwingine: mto Mississippi, Missouri upande wa magharibi na Illinois upande wa mashariki. Mwaka 2010 bunge la Missouri lilipitisha sheria ya jimbo zima. Inakataza utupu kamili na pombe, inafunga kumbi saa sita usiku, na inamtaka mchezaji aliye nusu utupu awe jukwaani, futi sita kutoka kwa wateja. Mahakama kuu ya Missouri iliithibitisha mwaka 2011. Ng'ambo ya mto, Illinois imeacha mengi mikononi mwa miji na vijiji, na tangu 2013 hutoza dola tatu kwa kila mteja wa klabu yenye pombe, fedha zikisaidia huduma kwa waliodhulumiwa kingono. Vijiji vidogo vya Illinois vinavyotazamana na jiji la St. Louis, Missouri, vimekuwa na klabu hizi kwa miaka mingi.

Kabla hujasema neno lolote kuhusu tabia za watu wa pande hizo mbili, uliza maswali manne. Nani ametunga: jimbo, kaunti au mji? Kupitia mlango upi kati ya ile mitano? Katiba ya jimbo inabaki kwenye kima cha chini au inapanda juu? Na gharama ya kanuni inamwangukia nani: mteja, mwenye klabu, au mchezaji? Ukijibu hayo utagundua kwamba tofauti kubwa kati ya Missouri na Illinois iko kwenye swali la kwanza.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kazi. Usianze kwa kusoma wasomi wanaobishana, mimi nikiwamo. Anza na hukumu mbili tu, ya Ino Ino ya 1997 na ya Nyssa ya 2005, uzisome pamoja, aya kwa aya, ukiandika pembeni kila swali ambalo majaji wanajiuliza. Ukimaliza, chukua katiba ya nchi yako na sheria yake ya vileo uzisome kwa njia hiyohiyo. Utakuwa umeingia darasani, na nafasi yako ipo.